Kura ya Bahasha na Sanduku la Olbalbal

Msafiri ateremkaye kutoka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro kushika njia ya Serengeti, akiisha kuipita Malanja, huliona upande wake wa kuume bonde pana la vumbi na nyasi fupi, ambamo maji yaingiayo hayatoki tena, na hata mto wa Oldupai, uliochimba lile korongo ambamo Mary Leakey aliokota fuvu maarufu mwaka 1959, hukomea hapo bila ya kufika ziwani wala baharini. Bonde hilo ndilo Olbalbal, na kata iliyopewa jina lake ni miongoni mwa kata za Tarafa ya Ngorongoro, ambako Wamasai wafugaji huishi pamoja na wanyama wa mwituni kwa mujibu wa sheria ya mwaka huo huo wa 1959 iliyoanzisha Hifadhi. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, mwendo mrefu wa nyika upande wa kaskazini. Na Karatu, mji wenye benki na stendi, uko nje ya lango la Lodoare, ng'ambo ya mlima. Ni mahali kama hapa, wala si katika majiji yenye lami na taa, ndipo ifaapo kupimwa rai ambayo wasomi huitaja kwa wepesi mno, ya kwamba wapiga kura wa serikali za mitaa waruhusiwe kupeleka kura zao kwa njia ya posta.

Sheria yetu haina kura ya posta. Diwani huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na Sheria Na. 1 ya mwaka 2024, na mpiga kura sharti afike yeye mwenyewe katika kituo ambacho jina lake limebandikwa ukutani. Mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa kwa uchaguzi mwingine, ambao mara ya mwisho ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, tarehe 27 Novemba 2024, kwa orodha yake yenyewe isiyo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Orodha hiyo iliandikwa kwa siku kumi tu, tangu tarehe 11 hadi tarehe 20 Oktoba, na hapakutakiwa kadi ya mpiga kura, maana msingi wake ni ujirani: mtu ni mkazi kwa kuwa majirani zake wanamtambua. Siku ya kura vituo vilifunguliwa saa mbili asubuhi, vikafungwa saa kumi jioni, na mtu ambaye katika saa hizo nane alikuwa malishoni, hospitalini au safarini, hakuwa na mlango mwingine wa kupitishia rai yake.

Pengine msomaji wa mjini ataona kwamba uchaguzi wa kitongoji ni jambo dogo lisilostahili kufanyiwa hima kiasi hicho. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mbunge huonekana kwa nadra, na Rais huonekana kwa picha. Bali mwenyekiti wa kitongoji ndiye agongewaye mlango usiku. Yeye ndiye atoaye barua ya utambulisho, na bila ya barua ile yenye muhuri, mtu hupata taabu kuomba kitambulisho cha taifa, kumdhamini nduguye aliye mahabusu, au kuomba mkopo. Kijiji nacho, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ni mamlaka kamili yenye halmashauri na mkutano mkuu wa watu wote waliotimiza miaka kumi na minane, na ndicho kinachoamua kwa kumbukumbu za maandishi mambo ambayo mfugaji huyajali kuliko yote, yaani maji, malisho, shule na zahanati. Katika nchi ya hifadhi, ambamo mamlaka nyingi hukutana juu ya ardhi moja, kijiji ndicho kiti pekee ambacho mkazi hukikalia kwa haki yake mwenyewe, si kwa hisani ya mtu.

Sasa yupo kijana wa Olbalbal alindaye geti la nyumba ya mtu mwingine Dar es Salaam, na mwenzake asukaye nywele za wanawake mjini Arusha, na wa tatu aliyevuka bahari kwenda kuuza shanga katika fukwe za Unguja. Vijana hawa ni wengi, na kila mwenye kusafiri katika nchi hii amewaona, na rubega zao na fimbo zao. Kwa hesabu ya sheria wangeweza kujiandikisha katika mtaa wanamolala. Lakini mama zao, mifugo yao na makaburi ya babu zao viko Olbalbal, na wakihitaji barua ya utambulisho wa asili yao, ni huko watakakoiomba. Hawa ndio wanaoipa nguvu hoja ya kura ya bahasha, na mimi sioni insafu kuwajibu kwamba aliyeondoka amejiondoa.

Hata hivyo, kabla ya kumfikiria mtu asiyekuwapo, Olbalbal imetuachia kisa cha watu waliokuwapo, ambao sanduku la kura ndilo liliwaondokea. Tangu Juni 2022 Serikali ilikuwa ikiwahamisha wakazi waliokubali kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, katika Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, umbali wa kilomita karibu 600 kwa barabara. Ilipowadia zamu ya kuboresha Daftari mwaka 2024, wakazi wengi ambao hawakuhama, wala hawakuomba kuhama, walilalamika kwamba walipotazama taarifa zao waliona vituo vyao vya kupigia kura vimeandikwa Msomera. Kisha likatoka Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024, lililofuta katika orodha ya mamlaka za mitaa kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, Olbalbal ikiwamo. Watu zaidi ya laki moja wakajikuta wamekaa pale pale walipokaa jana, katika maboma yale yale, ilhali kwa maandishi kitongoji hakipo, kijiji hakipo, na kata haipo. Na mahali pasipo na kitongoji hapachaguliwi mwenyekiti.

Yaliyofuata yanastahili kuhifadhiwa katika tarehe ya nchi. Kuanzia tarehe 18 Agosti maelfu ya wakazi, wanawake kwa wanaume, walikusanyika kando ya barabara kuu iendayo Serengeti, wakakaa hapo siku kadhaa kwa utulivu, nayo magari ya watalii yakakwama njiani. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu, Kanda ya Arusha, ikatoa amri ya muda ya kusimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Siku iliyofuata Waziri William Lukuvi akafika Ngorongoro na ujumbe wa Rais Samia Suluhu Hassan, kwamba huduma za jamii zirejeshwe na kwamba wakazi watapiga kura mahali wanapoishi. Hivyo Novemba ilipofika, vijiji vya Ngorongoro vilikuwamo katika uchaguzi pamoja na vijiji vingine zaidi ya 12,000 vya nchi nzima.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinageuza namna ya kuliuliza swali letu. Kura ya posta, katika nchi ilikozaliwa, ilikuwa ni rehema kwa mtu aliye mbali na sanduku kwa sababu zake au kwa amri ya kazi yake. Na wa kwanza kuipata, katika Marekani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye Uingereza mwaka 1918, walikuwa askari walioko vitani. Umbali wa Olbalbal mwaka 2024 haukuwa wa aina hiyo. Ulikuwa umbali ulioandikwa ofisini juu ya mtu aliyeketi kwake. Lau wakati ule tungalikuwa na sheria ya kura ya posta, ingekuwa rahisi kumwambia mzee wa Olbalbal: kituo chako kiko Handeni, lakini usitaabike, utaletewa bahasha. Naye angepiga kura ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji cha watu asiowajua, katika nchi asiyoikanyaga, na kitongoji chake mwenyewe kikabaki kimefutwa. Haki ya namna hiyo ni jina tupu. Nasema kwa yakini kwamba kura ya serikali ya mtaa ina pande mbili zisizotengana, mtu na mahali pake, na chombo chochote kinachoweza kumpa mtu kura huku kikimnyang'anya mahali, hata kama kimebuniwa kwa nia njema, hakina budi kutazamwa kwa hadhari.

Tutazame basi yaliyowapata waliotutangulia. New Zealand huchagua mabaraza yake ya mitaa kwa posta tangu miaka mingi. Karatasi hutumwa majumbani wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho, na mwananchi huzirudisha kwa wakati wake. Nchi ile ina anwani zilizonyooka na posta ya kuaminiwa, na hata hivyo wanaorudisha karatasi zao wamekuwa kama watu wanne kati ya kumi, na sasa posta yenyewe inapunguza siku za kugawa barua na masanduku ya barabarani kwa kuwa watu wameacha kuandikiana, kiasi kwamba viongozi wa mitaa wamekuwa wakitaka njia nyingine. Uswisi imefanikiwa zaidi, na huko wapiga kura wengi mno hutumia bahasha. Uingereza iliwaruhusu wapiga kura wote kuomba karatasi ya posta, bila ya kudaiwa udhuru wowote, kwa sheria ya mwaka 2000; na miaka minne tu baadaye, katika uchaguzi wa madiwani wa jiji la Birmingham wa Juni 2004, kata mbili, Aston na Bordesley Green, zikaleta aibu kubwa. Polisi waliwakuta watu usiku ndani ya ghala pamoja na karatasi za kura za posta ambazo hazikuwa zao, na mnamo Aprili 2005 jaji wa uchaguzi, Richard Mawrey, akayabatilisha matokeo ya kata zote mbili. Nako Austria, mwaka 2016, mahakama ya katiba ilibatilisha duru ya pili ya uchaguzi wa rais kwa kuwa bahasha za posta zilifunguliwa na kuhesabiwa kinyume cha utaratibu. Na uchaguzi wa marudio uliopangwa tarehe 2 Oktoba ukaahirishwa hadi tarehe 4 Desemba kwa sababu gundi ya bahasha ilikuwa ikiachia. Dola tajiri ya Ulaya ilisimamishwa miezi miwili na gundi.

Ikiwa hayo yaliwafika wenye posta ya kubisha mlangoni, yatufaa kufikiri kwa makini jinsi bahasha itakavyofika Olbalbal. Shirika la Posta Tanzania, tangu lilipoanza kazi mwaka 1994, limezoea kuleta barua katika sanduku la mjini, na mwenye ufunguo ndiye huifuata. Mkazi wa kijiji cha mbali aghalabu hutumia sanduku la shule, la misheni au la ofisi, na barua yake hupita katika mikono ya katibu, mwalimu na dereva kabla ya kufika kwake. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Serikali ilifanya kazi kubwa ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Lakini boma la mfugaji huweza kuhama kwa kufuata malisho, na namba haimfuati. Wafugaji wa uwandani, nyumbu wanapozaa mwanzoni mwa mwaka, huwaondosha ng'ombe wao kwenda nyanda za juu ili wasipatwe na maradhi yanayotokana na ndama wa nyumbu. Basi bahasha iliyotumwa uwandani Januari ingemkuta nani?

Tuseme imefika. Hapo ndipo penye jambo linalonihofisha kuliko gundi na kuliko mikono ya dereva. Katika kituo cha kura, msimamizi hulifungua sanduku mbele ya mawakala, hulipindua waone kuwa ni tupu, kisha hulifunga kwa lakiri. Mpiga kura hutajwa jina, hupewa karatasi, na huenda peke yake nyuma ya kibanda. Mwanamke wa Kimasai aliyeolewa, ambaye nyumbani hunena baada ya wenye umri, na ambaye mbele ya malaigwanani, yaani viongozi wa mila, hukaa pembeni, katika dakika ile moja nyuma ya kibanda hana mume, hana mkwe, wala hana mzee wa rika lolote juu yake. Ana kalamu, karatasi na dhamiri yake. Akitoka humo huchovya kidole katika wino, na hakuna kiumbe awezaye kujua alimtia alama nani. Faragha ile huletwa na kibanda, na posta haiwezi kuisafirisha. Bahasha itafunguliwa bomani, mbele ya watu, na mwenye kujua kusoma atawasomea wasiojua. Na katika familia nyingi, za Wamasai na za makabila mengine, na za mijini vile vile, mkuu wa nyumba atazikusanya bahasha zote na kuzijaza kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba anawasaidia. Sisemi hayo kwa kuwadharau wazee; wazee wa rika, wakikutana katika enkiguena, yaani baraza lao, hujadili jambo hadi kila mwenye hoja amesema. Lakini mazungumzo ya hadhara ni jambo moja na siri ya kura ni jambo jingine, na mnyonge huihitaji siri kuliko mwenye nguvu.

Kuna njia ya katikati, nayo iko karibu nasi. Zanzibar, kwa Sheria ya Uchaguzi Na. 4 ya mwaka 2018, ilianzisha kura ya mapema, na mara ya kwanza ilipigwa tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, kwa ajili ya watendaji wa uchaguzi na askari ambao siku ya pili yake wangekuwa kazini. Vyama vya upinzani vilinung'unika, na manung'uniko yao yasipuuzwe, maana sanduku likilala usiku mmoja bila ya macho ya kila upande kulilinda, shaka hulala nalo. Lakini asili ya jambo ni njema: mtu mwenye udhuru hupiga kura yake kabla ya wenziwe, kwa mkono wake, nyuma ya kibanda, mbele ya mawakala. Kenya imewaendea raia wake walioko ugenini kwa njia inayofanana na hiyo. Tangu mwaka 2013 waliwekewa vituo katika nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka 2022 vikafika hata Qatar na Falme za Kiarabu, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi. Lakini hata huko Mkenya humpigia kura Rais peke yake. Mwakilishi wa wadi hachaguliwi kutoka Doha. Na sisi wenyewe, katika kuboresha Daftari, tulipeleka vituo vya uandikishaji hata magerezani. Taifa lililoweza kumfikia mfungwa halina udhuru wa kutomfikia mchungaji.

Hii basi ndiyo rai yangu. Kura ya posta katika uchaguzi wa vijiji, vitongoji na madiwani isianzishwe kwetu kwa sasa, kwa kuwa madhara yake yatawaangukia wanawake na wasiojua kusoma, na faida yake itawaendea wenye funguo za masanduku. Kura ya mapema iruhusiwe Bara, ipigwe katika makao ya kata na ya wilaya, siku chache kabla, kwa wagonjwa, wachungaji walioko malishoni na wasimamizi wenyewe wa uchaguzi. Na kijana alindaye geti Dar es Salaam akirudi nyumbani kwa likizo katika siku hizo, ahesabiwe pamoja na ndugu zake. Masanduku yake yalindwe na mawakala wa vyama vyote usiku na mchana, na gharama ya ulinzi huo isionewe uchungu.

Lakini sharti kubwa kuliko yote ni hili. Utaratibu wetu unasema kwamba mpiga kura aliyehamia mahali pengine huenda mwenyewe kuomba taarifa zake zibadilishwe. Kanuni hiyo ipewe meno: kituo cha mtu kisihamishwe kutoka kata moja kwenda nyingine ila kwa ombi lake la maandishi, lenye saini yake au dole gumba lake, na nakala ibaki mkononi mwake, na mamlaka za mitaa zisifutwe katika mwaka wa uchaguzi. Hata mwaka 1958, serikali ya mkoloni ilipoipima haki ya kura Tanganyika kwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, kwa elimu ya darasa la nane au kwa cheo, mfugaji ambaye mali yake yote ilikwenda kwa miguu minne alikosa kura kwa kukosa sifa zilizotajwa waziwazi. Asikose kura leo kwa sababu ya mstari ulioandikwa asipokuwapo.

Uchaguzi ujao wa vijiji na vitongoji unatarajiwa mwaka 2029. Kanuni zake zitaandikwa kabla ya hapo, na wakati wa kuzisemea ni sasa, zikiwa bado hazijatiwa saini. Nawasihi TAMISEMI na Tume walisikilize bonde la Olbalbal katika kuziandika. Na wewe msomaji, popote ulipo, orodha itakapobandikwa nenda ukalitafute jina lako kwa macho yako, na ukiona limeandikwa mahali usipoishi, weka pingamizi siku hiyo hiyo.